Mgeni wa Siku Mbili

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa sana, na aghalabu hutumiwa kwa ukali, kana kwamba aliyeitunga alikuwa mtu wa choyo aliyechoka kumlisha mwenziwe. Mimi naisoma kwa njia nyingine, na juu ya njia hiyo nitajenga hoja ya makala haya. Jembe halipewi mtu wa kupita. Mtu wa kupita hupewa maji, hupewa chakula, huonyeshwa njia. Apewaye jembe ni yule ambaye nyumba imekubali kukaa naye. Amekwisha vuka mpaka wa ugeni. Sasa anahesabiwa katika nguvu za nyumba, atashika mpini pamoja na wenyeji, na atakula alichokilima. Siku mbili za kwanza ni za heshima. Siku ya tatu ni ya udugu.

Madai yangu ni haya: Wakristo wengi wa nchi zetu wamemfanya Yesu mgeni wa siku mbili. Siku ya 25 Desemba humlaki kwa nyimbo, kwa pilau na kwa nguo mpya. Siku ya 26, ambayo katika Tanzania na Kenya ni sikukuu pia, na ambayo watu huiita siku ya kufungua zawadi, humpumzisha. Siku ya 27, siku ya jembe, humsindikiza mpaka njia panda na kumpa buriani ya mwaka mzima. Hawamfukuzi, maana kumfukuza kungekuwa aibu. Humuaga kwa adabu tu, ili kazi ianze bila yeye. Duka hufunguliwa bila yeye, mshahara huhesabiwa bila yeye, kesi huamuliwa bila yeye, mtihani husahihishwa bila yeye. Na Desemba irudipo, hulakiwa tena kwa machozi ya furaha, kama mtu aliyekuwa safari ya mbali ambaye hapana aliyemtuma.

Najua ya kuwa makala haya yatasomwa na watu wa imani mbalimbali. Ndugu Waislamu humheshimu Isa mwana wa Mariamu kwa namna yao, wala sikusudii kuwapima kwa sikukuu isiyo yao. Ugomvi wangu ni wa ndani ya nyumba. Nagombana na wale wasemao kila mwaka ya kuwa Yesu ni zawadi ya Mungu kwa wanadamu; na neno hilo nami naliamini pamoja nao. Nawauliza swali moja tu: Zawadi hiyo mmeipokea wapi? Katika siku zipi, kwa mikono ipi, katika kazi gani? Swali hili lina majibu matatu ya kawaida. Yote matatu ni ya kukwepa, nami nitayashika moja baada ya jingine.

Jibu la kwanza hutolewa na mtu wa elimu. Husema ya kuwa Krismasi yenyewe si yetu wala si ya Injili, kwa hiyo hakuna haja ya kuulizana tumeipokea wapi. Elimu yake si ya uongo. Injili hazikutaja tarehe ya kuzaliwa. Marko ameanza na mtu mzima. Yohana ameanza na Neno. Mathayo na Luka, waliosimulia kuzaliwa, hawakutaja siku wala mwezi. Ushahidi wa kale tulio nao wa sikukuu ya 25 Desemba umo katika kalenda iliyokusanywa Roma mwaka 354, nao wachunguzi huurudisha nyuma hadi mwaka 336. Ndugu zetu wa Ethiopia, ambao Ukristo wao ni wa kale kuliko ule wa mataifa mengi ya Ulaya, husherehekea tarehe 7 Januari. Yote hayo ni kweli. Lakini mtu akiletewa barua, naye akashinda kutwa akibishana juu ya muhuri wa posta, barua hatakuwa ameisoma.

Tena, dawa yake imekwisha jaribiwa na haikuponya. Mwaka 1647 Bunge la Uingereza, likiongozwa na Wakristo wakali waliochukia sherehe zisizotajwa katika Maandiko, lilipiga marufuku Krismasi. Marufuku hayo yalidumu mpaka ufalme uliporudishwa mwaka 1660. Je, taifa lililoiondoa sikukuu lilipata nafasi ya kumpokea Yesu katika siku za kazi? Mwaka 1655, sikukuu ingali imekatazwa, Uingereza iliiteka Jamaica, kisiwa ambacho baadaye kilijaa mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa wa Kiafrika. Waliokuwa waangalifu wa kalenda hawakuwa waangalifu wa binadamu. Kufuta siku mbili za mgeni hakumpi mgeni jembe. Kwamnyima hata maji.

Jibu la pili ni zito zaidi, na mara nyingi hutolewa na mtu wa ibada. Husema: "Zawadi ni ya bure. Haidai kitu. Ukianza kuniuliza nimefanya nini nayo, umeigeuza kuwa deni, na neema umeigeuza kuwa biashara." Silaha hii ni kali, maana imefuliwa katika kiwanda cha neema, na mimi sina nia ya kukivunja kiwanda hicho. Ni kweli kabisa ya kuwa zawadi ilipiwayo si zawadi. Mtu hawezi kumlipa Mungu bei ya mtoto aliyelazwa horini. Mpinzani wangu ameshika ukweli mkubwa, lakini ameushika kwa upande usio na makali.

Natazama kwanza neno lake mwenyewe, bure. Kiswahili kimelipa neno hili maana mbili, na sidhani ya kuwa ni kwa bahati. Kitu cha bure ni kitu kisicho na malipo. Kazi ya bure ni kazi isiyo na faida. Twasema "nimepewa bure" kwa furaha, na twasema "nimechoka bure" kwa huzuni. Maana hizi mbili hukaa jirani, na njia ya kutoka moja kwenda nyingine ni fupi sana: zawadi itolewayo bure, ikikosa mpokeaji, huenda bure. Basi haitoshi kusema ya kuwa zawadi ni ya bure. Yapasa kuuliza ni bure ya namna gani.

Natazama pili neno kupokea, ambalo ndilo kiini cha jambo lote. Mpinzani wangu hulitumia kana kwamba ni kuketi na kungojea. Lugha yetu haikubaliani naye. Mtu hupokea zawadi, naam. Lakini mwenyeji pia humpokea mgeni, na jambo la kwanza afanyalo ni kumpokea mzigo: hunyoosha mikono, huutwaa mzigo kichwani au begani mwa mgeni, na kuubeba yeye. Mlinzi humpokea mlinzi mwenziwe zamu, na tangu saa ile kulala ni hatia. Waimbaji hupokea wimbo: mmoja huanzisha, wenziwe humpokea, wasipompokea, wimbo hufa kinywani mwake. Na yale tuliyoachiwa na waliotutangulia huitwa mapokeo. Katika matumizi yote haya hapana hata moja ambapo mpokeaji amekunja mikono. Kupokea ni kazi. Kazi hiyo hainunui zawadi, lakini bila hiyo zawadi haifiki.

Jambo hili lafahamika vyema katika sheria ya Kiislamu, ambayo kwa karne nyingi imetunza mali za watu wa pwani. Hiba, katika madhehebu ya Shafi yafuatwayo na wengi wa pwani, huhitaji tamko la mtoaji, kubali la mpokeaji, na kukabidhiwa kwa kitu chenyewe. Mpaka mpokeaji akitie mkononi, kitu hakijawa chake. Wala hapana mtu awezaye kusema ya kuwa kwa kukitia mkononi amekinunua. Mkono uliofunguliwa si bei. Mkristo anayeogopa ya kuwa matendo yataharibu neema ameogopa kivuli. Na kadhi wa Lamu au wa Unguja angeweza kumwondolea hofu hiyo kwa dakika chache.

Na neno zawadi lenyewe? Wachunguzi wa asili ya maneno hulihusisha na shina la Kiarabu litajalo masurufu ya safari, vile vyakula afungashavyo msafiri ili vimfikishe aendako. Kama ni hivyo, basi ndani ya neno letu umo mkate wa njiani. Masurufu hayawekwi rafuni yatazamwe. Msafiri aliyefungashiwa mikate, akaining'iniza ukutani kwa taji na taa za rangi, kisha akaanza safari na tumbo tupu, hawezi kusifiwa kwa kuiheshimu zawadi. Amemdhalilisha aliyeamka usiku kumpikia.

Mpaka hapa nimesema kwa maneno. Maneno yana mahali pake katika nchi, na mahali pa neno hili, zawadi, papo katika mji wa Unguja, Mkunazini. Hapo palikuwa na soko la watumwa. Mnamo 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia sahihi mkataba wa kuyafunga masoko hayo. Sehemu ya kiwanja ilinunuliwa kwa ajili ya Misheni ya Vyuo Vikuu. Sehemu nyingine ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindu bila kudai fedha. Na siku ya Krismasi ya mwaka uleule, 25 Desemba 1873, jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo liliwekwa. Ujenzi wake ulisimamiwa na Edward Steere, yule aliyekitumikia Kiswahili kwa kitabu chake cha mwaka 1870. Mapokeo ya mahali pale husema ya kuwa madhabahu imesimama palipokuwa na mti wa kuchapia watu.

Sidhani ya kuwa Krismasi imepata kuhubiriwa katika pwani yetu kwa uwazi kuliko siku ile. Mahali ambapo mtu alipewa bei, pakaadhimishwa siku ya kile kisicho na bei. Mahali ambapo meno ya mwanadamu yalikaguliwa kama ya mnyama, pakatangazwa ya kuwa Mungu ameuvaa mwili ule ule uliokuwa ukikaguliwa. Hata Mhindu asiyekuwa wa dini ile alitoa ardhi kwa bure, akatufundisha kutoa kabla hatujafundishwa kupokea. Kama ningetaka kuisifu sikukuu, ningeishia hapo, na msomaji angefunga jarida hili akiwa amefarijika.

Walakini historia haikuishia hapo. Soko lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe haukufutwa katika sheria za Unguja mpaka 6 Aprili 1897. Katikati zilipita Krismasi 24, kuanzia ile ya jiwe la msingi hadi ile ya 1896. Katika sikukuu hizo zote mtu aliweza kumwimbia mtoto wa Bethlehemu, akatoka nje, akaingia katika mji ambao sheria yake ilimjua mtumwa kuwa ni mali ya bwana wake. Tangu mwaka 1890 visiwa vilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, taifa lililojivunia Ukristo wake. Sheria ile iliendelea miaka saba mingine. Na amri ilipotoka, fidia iliwekwa kwa ajili ya mabwana waliopotewa na watumwa. Mtumwa aliyepotewa na miaka yake hakufidiwa kitu. Tena ilimpasa aende mwenyewe kuudai uhuru wake. Masuria waliachwa nje ya amri ile, wakangoja mpaka mwaka 1909.

Simlaumu aliyeliweka jiwe. Nawaonyesha wasomaji umbali uliopo baina ya jiwe na jembe. Jiwe la msingi huwekwa kwa siku moja, mbele ya watu wengi, kwa wimbo. Jembe hushikwa kila asubuhi, na aghalabu hapana atazamaye. Zawadi ilitangazwa Mkunazini mwaka 1873, lakini katika nyumba za mji, katika mashamba ya karafuu, katika vitabu vya hesabu, ilikuwa haijatiwa mkononi. Mtu asiniambie basi ya kuwa sikukuu ikiimbwa vizuri yatosha. Ziliimbwa vizuri 24, na mtu alikuwa bado ana bwana.

Sasa naja kwa jibu la tatu, nalo ndilo jibu la watu wa leo. "Mimi," husema mtu huyu, "sikukaa bure. Krismasi nilikwenda nyumba ya watoto yatima na magunia ya mchele. Nilitoa sabuni na mafuta. Picha ziko." Sizidharau picha zake wala mchele wake, maana mtoto mwenye njaa hali nia ya mtoaji, hula wali. Lakini nataka kumkumbusha neno jingine la historia yetu. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita katika nchi za watawala wengi, na kwa kila mtawala ililipa hongo: nguo, shanga, waya wa shaba. Hongo haikuwa zawadi wala haikuwa urafiki. Ilikuwa bei ya kupita. Msafara ulilipa ili usisimamishwe, ukapata ruhusa ya kuendelea na njia yake na mizigo yake kama ulivyokuwa. Leo neno hilo limeshuka cheo, limekuwa jina la rushwa; lakini maana ya zamani ingali yatufaa.

Naogopa ya kuwa sadaka nyingi za Krismasi ni hongo kwa maana ile ya misafara. Dhamiri imeketi njiani kama mtawala wa nchi. Inamwona mtu akija na mizigo yake ya mwaka, na inataka kuikagua. Mtu hufungua gunia moja la mchele, hulipa, na hupita. Mizigo haikufunguliwa. Ndani yake umo mshahara wa binti wa kazi ambao haujalipwa tangu Oktoba. Imo nauli iliyopandishwa kupita kiasi, kwa sababu Desemba maelfu ya watu wa Kilimanjaro hurudi Moshi, Rombo na Machame, na mwenye basi ajua ya kuwa mama mwenye watoto watatu hawezi kukataa. Imo kodi iliyoongezwa kwa mpangaji mgonjwa. Imo tasnifu iliyonunuliwa kwa mtu mwingine na kutiwa jina la mnunuzi. Imo kazi ya mwanafunzi maskini iliyolala mezani kwa mwalimu miezi mingi, bila kusomwa, kwa sababu maskini hana wa kumsemea.

Mtazame binti yule wa kazi, maana yeye ni hoja tosha. Siku ya Krismasi ndiye huamka wa kwanza. Hukuna nazi, huchambua mchele, huwaosha watoto na kuwavika nguo mpya zisizo zake. Jamaa wakienda kanisani kumlaki mtoto aliyekosa nafasi katika nyumba ya wageni, yeye hubaki jikoni, katika nafasi ndogo kuliko zote za nyumba. Huenda akapewa kitambaa cha kanga kwa ajili ya sikukuu, na mwenye nyumba akajihesabia kuwa ametoa zawadi. Nasema kwa sauti kubwa: mtu mwenye kudai mshahara hawezi kupewa zawadi na mdaiwa wake. Kanga ile ni sehemu ya deni iliyovikwa jina zuri. Alipwe kwanza haki yake yote, apewe siku yake ya kupumzika, apate nauli ya kwenda kwao akiitaka. Baada ya hapo, kanga itakuwa kanga ya upendo.

Hapa husikia wakininung'unikia. Wengine husema ya kuwa nimelishusha jambo la mbinguni likawa jambo la mishahara na nauli, na ya kuwa kumzungumzia Yesu pamoja na jembe ni utovu wa adabu. Nawajibu kwa Injili yenyewe. Luka asema ya kuwa alipoanza kufundisha umri wake ulikuwa kama miaka thelathini. Kabla ya hapo, isipokuwa habari za utoto wake na habari moja ya alipokuwa na miaka kumi na miwili, Injili zimenyamaza. Majirani wa Nazareti walimjua kuwa ni fundi seremala, na ujuzi huo ndio uliowafanya wamdharau. Miaka ya kufundisha ilikuwa michache. Miaka ya kazi ilikuwa mingi. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya zawadi ya Mungu ilikuwa siku za kawaida: mbao, vumbi, jasho, wateja wagumu, mama wa kutunzwa. Mbingu haikuona haya ya jembe. Anayemtoa Yesu katika karakana ili kumwadhimisha amemtoa mahali alipopachagua mwenyewe.

Tena, walioambiwa habari wa kwanza kwa simulizi la Luka walikuwa wachungaji, na walikuwa kazini, usiku, katika zamu yao. Hawakuambiwa waache uchungaji. Walikwenda, wakaona, wakarudi. Na waliporudi, kondoo walikuwa pale pale, wakihitaji malisho yale yale. Sikukuu ya wachungaji ilikuwa fupi sana. Kilichobaki kilikuwa maisha yao, na ndani ya maisha hayo, habari waliyoichukua. Sioni mfano mwema kuliko huo wa kuipokea Krismasi katika siku ya kazi.

Wengine huninung'unikia kwa njia nyingine. Husema ya kuwa dini ni jambo la moyo, kati ya mtu na Mungu wake, na ya kuwa sina ruhusa ya kuingia katika vitabu vyao vya hesabu. Nakubali ya kuwa imani huanza moyoni. Lakini mti huanza katika mbegu, na hapana mkulima aliyesifu mbegu iliyokataa kutoka udongoni kwa kisingizio ya kuwa uhai wake ni wa siri. Watu hawa hawasemi hivyo juu ya jambo jingine lo lote la moyo. Mume akimwambia mkewe ya kuwa anampenda moyoni, naye haonekani nyumbani ila siku mbili kwa mwaka, mke huyo hatauliza sana juu ya moyo. Atauliza juu ya siku zilizobaki.

Nawaandikia hasa wanafunzi na wanazuoni, kwa kuwa kosa letu lina umbo lake. Mtu wa soko humfanya Yesu bidhaa. Mtu wa chuo humfanya mada. Mada ni kitu kinachoshikwa kwa mikono miwili ya akili na kuwekwa mbele, kikatazamwa, kikachambuliwa, kikarudishwa maktabani. Hiyo nayo ni namna ya siku mbili. Uchambuzi ni mwema, na mimi mwenyewe nimeutumia katika kurasa hizi. Lakini mtu hawezi kuchambua mkate mpaka ukamshibisha. Kama twaamini ya kuwa zawadi imetolewa, basi kipimo cha imani yetu chuoni ni haki ya alama, ukweli wa utafiti, heshima kwa mfagiaji wa ukumbi, na saa apewazo mwanafunzi asiye na jamaa mwenye jina.

Hoja yangu, basi, yaweza kusemwa kwa maneno machache. Zawadi hutolewa bure, lakini hupokewa kwa kazi. Kazi hiyo si bei. Ni mkono uliofunguliwa, ni bega lililoutwaa mzigo, ni sauti iliyoupokea wimbo. Mwenye kuikataa kazi hiyo hajaitetea neema, ameiacha mlangoni. Na mwenye kuifanya hana cha kujivunia, kama vile mwenyeji asivyojivunia kumpokea mgeni mzigo. Angeona haya kama asingefanya hivyo.

Siwaombi wasomaji wapunguze nyimbo za 25 Desemba, wala wasitie binzari katika pilau. Mgeni aheshimiwe, alakiwe, siku zake mbili azipate kwa ukamilifu. Nawaomba waitazame tarehe 27, siku isiyo na jina, siku ambayo mapambo yangali ukutani na daftari la madeni liko mezani. Siku hiyo jembe liwe tayari. Binti wa kazi aitwe, aketi kitini, ahesabiwe fedha zake mbele ya macho yake. Mwalimu aitoe ile kazi iliyolala, aisome. Mwenye nyumba aende kumwona mpangaji mgonjwa bila karatasi ya kodi mkononi. Hapo mgeni atakuwa ameshika mpini, naye hataagwa tena.